Zinia Kwenye Kiwanja Kisichouzwa

T. E. Mwaisumo,
Kibamba,
Dar es Salaam.
16 Juni 2024

Bi Mwanakombo Khalfani,
Nyuma ya mafundi wa vitanda,
Keko.

YAH: OMBI LA KUPANDA MAUA KATIKA KIWANJA CHAKO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni jirani wa kiwanja chako kilichopo Kibamba, kile chenye msingi wa tofali na kibao kilichoandikwa "HAKIUZWI, HAKILIMWI". Naomba ruhusa ya kutumia kipande kidogo, hatua kumi kwa nne, upande unaopakana na kwetu, kupanda maua aina ya zinia. Ni zile ndefu zinazofika kifuani, za kukata na kuweka kwenye vyombo. Zinia si mti. Huota kwa mbegu, hutoa maua, hukauka ndani ya msimu mmoja, na haiachi kisiki.

Namba ya simu iliyopo kwenye kibao nimeijaribu lakini haipokelewi. Barua hii inaletwa na fundi Alfonsi, mwenye karakana hapo Keko, ambaye anaishi huku, tunasali naye, na anakufahamu.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
T. E. Mwaisumo


Keko,
20 Juni 2024

Bwana Mwaisumo,

Salaam. Barua yako ilifika Jumanne, nyama ya Idi bado iko kwenye sufuria, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Jibu ni hapana.

Simu ya namba nisiyoijua sipokei. Wiki haiishi bila mtu kunipigia, ati "bibi, ile hela tuma kwenye namba hii". Nani kakwambia nina hela ya kutuma?

Sasa nikueleze, usije ukasema mwanamke huyu ana roho mbaya. Nilikuwaga na kiwanja kingine, wapi sikutajii. Bwana mmoja mpole, anaandika vizuri kama wewe, aliniomba apande mchicha. Mchicha tu! Mchicha ukawa mihogo, mihogo ikawa migomba. Siku nilipokwenda na fundi wa msingi nikakuta choo. Choo, Bwana Mwaisumo, kina mlango na kufuli. Wakubwa wa pale wakaniambia, "Mama, huyu ameshaliendeleza eneo, mlipe fidia." Mie nilipe fidia ya choo ambacho sikukitumia hata siku moja! Kiwanja kikaenda.

Hicho cha Kibamba nimekinunua kwa cherehani. Miaka thelathini nimeshona sare za shule za watoto wa watu. Marehemu mume wangu alicheka, akasema nimenunua pori la nyani. Jina lililo kwenye karatasi ni langu peke yangu, na hakuna wa kunipokonya hicho tena.

Na hilo ua lenyewe! Zinia si lile gumu kama karatasi, halina hata harufu? Kwetu ua ni asumini, ni kilua. Ua lisilonukia lina kazi gani?

Usipande. Kama umeshapanda, ng'oa.

Mwanakombo Khalfani


Kibamba,
27 Juni 2024

Bibi, shikamoo.

Mimi sio Bwana. T ni Tupokigwe. Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu. Ile barua niliiandika kama tulivyofundishwa shuleni, nikatumia herufi za mwanzo kwa makusudi ili udhani ni mtu mzima. Naomba unisamehe kwa hilo.

Hili la pili sijui kama utanisamehe. Nilipokuandikia kuomba, nilikuwa nimeshapanda. Nilipanda tarehe 26 Mei, masika ilipokuwa inaisha. Dada yangu Asifiwe anafanya kazi kwenye shamba la mbegu za maua Arusha, akaniletea mbegu kwenye bahasha. Mbegu ya zinia ni bapa, ya kijivu, ukiiangalia haraka unadhani ni takataka ya pochi. Nilifukia mbegu themanini, zikaota sabini na moja. Leo kila mche una jozi nne za majani, na jana nimeukata kila mmoja kichwa kwa wembe. Ndivyo inavyotakiwa, ukikata kichwa mche unatoa matawi mengi na mabua marefu. Baba akanikuta, akasema, "Unapanda mwenyewe, unaua mwenyewe?"

Baba hayapendi maua. Anasema hayaliwi. Uwanja wetu anataka ufagiliwe uwe mweupe, kisionekane hata kijani kimoja, majani yanaleta nyoka. Ndiyo maana nilivuka kuja kwako.

Nikueleze na hili, kwa vile hunioni. Mimi siongei. Sio bubu, naongea na Mama, lakini Mama yuko Tukuyu tangu Aprili anamuuguza bibi. Mbele za watu sauti inakwisha, kama bomba la maji mchana. Darasani tunatakiwa kuongea Kiingereza, nikiitwa nasimama tu, na kila muhula mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba sauti yangu haisikiki. Simu yako ulipoacha kupokea nilishukuru Mungu. Sijui ningesema nini.

Lakini kuandika naweza, kwa hiyo naandika: sing'oi. Sijachimba choo. Sina mgomba. Nina miche sabini na moja ambayo haijamkosea mtu. Ukitaka ing'oke njoo uing'oe mwenyewe. Nitakupikia chai, nitakupa na kiti, lakini sitakusaidia.

Kuhusu harufu ni kweli, haina. Lakini asumini ikiamka asubuhi imeshanyauka, na zinia inakaa kwenye maji siku kumi.

Tupokigwe


Keko,
5 Julai 2024

Wewe mtoto!

Nimeisoma barua yako kwa sauti karakanani, fundi Alfonsi kaacha randa kasimama. Nilipofika kwenye "nitakupa na kiti" kacheka mpaka kakaa kwenye maranda. Ati huyu ndiye haongei! Alfonsi anasema kanisani hata "amina" yako hawajawahi kuisikia.

Haya. Umenidanganya, umevamia, halafu unanitunishia misuli. Mie mwenyewe hivyo hivyo ndivyo nilivyopata cherehani. Basi yaache hayo maua mpaka yakauke. Mti usipande. Nguzo usichimbie, wala uzio usiweke, hata wa kamba. Nguzo ndiyo huzaa choo. Yakikauka ung'oe, ufagie, kiwanja kibaki kama ulivyokikuta.

Na ujira wangu ni huu: uwe unaniandikia. Miaka sita sijafika huko, goti hili linaniuma nikipanda hata kizingiti. Kikibadilika kitu chochote, nataka nikisome kwako kabla sijakisikia kwa watu.

Ua lenyewe nitaliamini nikiliona.

Bibi yako wa Keko,
Mwanakombo


Kibamba,
7 Agosti 2024

Bibi, shikamoo.

Yamefunguka! La kwanza lilikuwa jekundu kama pilipili, la pili la machungwa, na sasa sihesabu tena. Yamenipita kifua. Leo nimekata kumi na tano yaliyofunguka asubuhi hii hii, nimempa fundi Alfonsi kwenye kopo la rangi lenye maji. Alirudi nyumbani mara moja kuchukua msumeno, nikamkimbiza barabarani saa saba mchana bila kuongea, nikamwekea kopo mkononi.

Sasa utaamini.

Tupokigwe


Keko,
9 Agosti 2024

Mwanangu,

Alfonsi kaingia hapa na kopo. Nimechungulia, nikamuuliza, "Hawa walevi umewaokota wapi?" Yote kumi na tano yamelaza shingo, vichwa vinaning'inia nje. Nimeyaweka mezani, nimeyapa maji ya mtungi, nimeyasomea na dua. Hakuna hata moja lililoinuka.

Raudha, mjukuu wangu, akasema, "Bibi, labda wanasujudu."

Siku kumi uliniambia. Hata saa kumi na mbili jioni hayakufika.

Rangi lakini, mashallah. Lile la machungwa nimelitia kwenye kitabu.

Mwanakombo


Kibamba,
18 Agosti 2024

Bibi, shikamoo.

Nililia, kisha nikampigia dada Asifiwe, naye akacheka vibaya sana. Kosa ni langu. Nilikata jua likiwa utosini, na nilichagua yale mapya kwa sababu yalikuwa mazuri. Kumbe zinia ikifunguka leo shingo yake bado laini. Unatakiwa ushike bua shibiri moja chini ya ua, ulitikise. Kichwa kikiyumba, liache. Likisimama lote kama fimbo, kata. Na ukate alfajiri, juu kidogo ya jozi ya majani, ili pale chini yatoke mabua mengine mawili. Majani ya chini yote unayatoa, na ndoo unaiosha kwa sabuni kama chombo cha kulia.

Haya ishirini nimeyatikisa moja moja. Yameshinda kivulini tangu alfajiri, na fundi anaondoka nayo kesho saa kumi na moja na nusu.

Jumapili iliyopita Mama Loveness wa kamati ya mapambo alitoa maua ya plastiki altareni, yale tunayoyafua kwa Omo kila Pasaka, akaweka yangu. Baada ya ibada akauliza kwa kipaza sauti, "Nani kalima haya?" Bibi, niliinua mkono. Sauti haikutoka, lakini mkono niliuinua. Sasa anataka ndoo mbili kila Jumamosi ya harusi.

Na kuna habari ambayo ndiyo imenifurahisha kuliko zote. Baba! Huyu aliyesema maua hayaliwi. Jana karudi na nguzo sita na senyenge, akachimba mwenyewe na shati lake la ofisini, hata chakula hakula kwanza. Anasema mbuzi wa jirani wasije wakaniharibia. Akasimama pale akayaangalia maua muda mrefu, kisha akaniambia, "Tupo, umefanya kazi." Baba yangu ni karani, maneno yake anayapiga muhuri kabla hajayatoa. Hajawahi kuniambia hivyo.

Najua ulikataza nguzo. Lakini hizi ni za mbuzi tu, usikasirike.

Tupokigwe


Keko,
20 Agosti 2024

Tupokigwe,

Maua yamefika yamesimama. Tutayaongea siku nyingine.

Achana na mbuzi. Kwenye pembe ya kiwanja changu, upande wenu, kuna bikoni, jiwe la zege lenye namba, limechomoza kama kiganja. Simama juu yake. Pima hatua mpaka kwenye nguzo za baba yako. Uniambie ziko upande wenu au ziko ndani kwangu, na ni hatua ngapi.

Usimuulize mtu. Pima, uandike.

Mwanakombo


Keko,
6 Septemba 2024

Tupokigwe,

Wiki mbili na ushee. Kila asubuhi namuuliza Alfonsi, kila asubuhi ananionyesha mikono mitupu.

Jana imekuja karatasi ya wito. Naitwa Jumamosi tarehe 14, saa tatu, ofisi ya mtaa wenu, kwenye shauri la mpaka. Mlalamikaji ni Erasmus Mwaisumo. Anasema kipande kile ni chenu, mmekilima miaka mitatu mfululizo, na shahidi ni binti yake.

Sasa nimeelewa. Yule wa kwanza alikuja na mchicha, nyie mkaja na maua. Baba kachimba nguzo, mtoto kamwandikia bibi kizee barua tamu ili asije kuangalia. Na mie mpumbavu nikawa nazisoma kwa sauti mbele ya mafundi, wenzangu wakinionea wivu kwamba nimepata mjukuu.

Kiwanja nitakipigania kwa goti hili hili bovu. Lakini barua zile zilikuwa za nini? Si mngeiba tu kimya kimya.

Mwanakombo Khalfani


Kibamba,
8 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Soma mpaka mwisho, halafu uchane ukitaka.

Barua yako ya tarehe ishirini niliifanyia kazi siku ile ile niliyoipata. Bikoni sikuiona. Nilizunguka, nikaona Baba kamwaga kokoto pale pembeni, nikafukua kwa mikono. Iko chini yake, na namba yake inasomeka. Nikasimama juu yake nikapima. Nguzo ziko ndani kwako, Bibi, hatua kumi na moja. Maua yangu yote yamebaki upande wetu wa senyenge. Nikarudia kupima mara tatu, nikijaribu kupiga hatua ndefu ili zipungue.

Nikakaa na hiyo namba, sikuweza kuiandika. Ni Baba. Aliniambia nimefanya kazi.

Tarehe 31 Agosti alikuja na mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilikuwa natoa majani yenye ukungu. Baba akasema, "Haya maua tunayalima hapa mwaka wa tatu sasa, mwenye nayo huyu hapa, muulize." Mwenyekiti akanigeukia. "Eti binti, miaka mitatu?"

Nikaangalia miguu yangu.

Akauliza tena. Nikatazama wembe mkononi. Mwenyekiti akacheka, akamwambia Baba, "Basi, mtoto wa kike akinyamaza si ameshakubali?" Akaandika kwenye daftari lake kwamba nimekubali.

Bibi, sikukubali. Nilinyamaza. Maisha yangu yote watu wananichukulia kimya changu wanakifanyia wanachotaka, mwalimu anasema sijui, kanisani wanasema naringa, na siku zote nimeona ni sawa, ni nafuu kuliko kuongea. Siku ile kimya changu kimeiba kiwanja. Hilo ndilo kosa langu na simwachii Baba.

Nimefanya hivi. Jana nimezing'oa nguzo zote sita, peke yangu. Mikono imechubuka lakini hakuna nguzo iliyovunjika, nimezilaza nyuma ya jiko pamoja na senyenge. Kokoto nimeisogeza, bikoni iko wazi, ukija utaiona. Na Jumamosi nitakuja kusema. Kusema, sio kuandika, maana mwenyekiti ameshaandika yake.

Nimeshapanga cha kusema. Zinia haina miaka mitatu. Haiwezi. Inaota, inachanua, inakufa, mwaka hauishi. Mtu yeyote aliyewahi kuipanda anajua. Baba hajui kwa sababu hajawahi kupanda hata moja, na mwenyekiti hakuuliza kwa sababu ni maua tu. Nitasema tarehe 26 Mei mwaka huu, na hatua kumi na moja.

Naogopa. Barua zile zilikuwa za kweli.

Tupokigwe


Keko,
11 Septemba 2024

Mwanangu Tupo,

Nilikukosea. Naandika mara moja, na usinitake nirudie mbele ya Alfonsi.

Nimemuuliza Alfonsi baba yako ni mtu gani, maana mwizi haombi shahidi kwa bintiye. Kaniambia habari ya njia. Kwamba nyumba yenu imefungwa pande zote, gari haliingii. Hukuniambia hilo, wewe na maua yako.

Angeniomba njia ningempa. Kwenye kiwanja kikubwa kama kile, hatua nne za kupitisha gari zinanipunguzia nini? Lakini mtu mzima na shati lake la ofisini kaona bora afukie bikoni kwa kokoto kuliko kumwomba mwanamke. Sasa simpi hata ya kupitisha baiskeli mpaka aje aseme alivyofanya, kwa mdomo wake. Mwambie hivyo hivyo, usinipunguzie makali.

Jumamosi nakuja na Bajaji. Nitakaa kiti cha mbele kabisa nimejitanda kanga nyekundu, utake usitake utaniona. Sauti ikikukwama wasubirishe. Wakisema umenyamaza umekubali, mie nitawaambia huyu hajanyamaza, anavuta pumzi.

Mwanakombo


Nyumbani,
12 Septemba 2024

Tupokigwe mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili ukiniona unaingia chumbani, na kwa sababu naambiwa maandishi ndiyo unayoyasikia. Barua hii nimeipitisha chini ya mlango wako.

Nguzo nimezikuta nyuma ya jiko. Alfonsi naye kanipa salamu za yule mama, kwamba ungenipa ujumbe wa njia. Hukunipa. Nimeona aibu kuambiwa mambo ya nyumba yangu na fundi vitanda.

Mimi si mwizi. Nimefanya kazi ya karani miaka ishirini na mbili, sijapoteza hata kalamu ya ofisi. Lakini kumbuka mwaka juzi, Machi, mama yako alipotokwa damu. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, mimi na majirani, mvua inanyesha, mpaka kwenye lami, na kiti kikavunjika mguu katikati ya njia. Wewe ulishika taa. Mtoto tuliyempoteza siku ile angekuwa anatembea sasa. Niliapa gari litafika mlangoni kwangu. Kiwanja kile miaka sita hakijakanyagwa na mwenyewe, kimekaa kinaota magugu. Nilipoona maua yako niliona mlango umefunguka.

Ulipoulizwa na mwenyekiti hukukana. Nikasimamia hilo.

Mimi ni baba yako. Ukisimama Jumamosi mbele za watu ukanifanya mwongo, usiniite tena baba.

E. Mwaisumo


Nyumbani, jikoni,
14 Septemba 2024, asubuhi

Baba, shikamoo.

Uko bafuni, nasikia maji, kwa hiyo naandika haraka.

Taa ile niliishika. Mkono wa kulia ulichoka nikahamishia wa kushoto, na nilitaka kuwapigia kelele watu wa nyumba ile yenye gari waamke, sauti haikutoka. Hujawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kukuambia. Huwa nafikiri ingekuwaje kama ningepiga kelele. Kwa hiyo usidhani wewe peke yako ndiye unayeitaka hiyo njia.

Ujumbe wa Bi Mwanakombo sikukupa, ni kweli. Nilikaa nao siku nzima, ukanipita mara mbili sebuleni. Niliogopa. Naomba unisamehe. Ujumbe wenyewe ni huu: ungeomba angekupa, na sasa anataka uende useme ulivyofanya. Najua kuomba kunakushinda. Mimi kulinishinda vilevile, nikapanda kwanza ndipo nikaomba, na nikajificha kwenye herufi zako. T. E. Hiyo E ni wewe. Yeye alicheka. Sio mtu wa kuogopwa sana, ila kwenye uongo hacheki.

Nakwenda kusema, Baba. Nitasema tarehe niliyopanda na hatua nilizopima. Nitasema nguzo nimeng'oa mimi. Siku ile sikukana, leo nakana. Nimefanya mazoezi kwa sauti tangu juzi, kule kwenye maua, na jirani kachungulia akadhani nimeokoka upya.

Na nitasema habari ya kiti cha plastiki. Usiponiruhusu nitaisema vilevile, kwa sababu wakijua hatua kumi na moja bila kujua kiti, watadhani wanakujua.

Umeandika nisikuite tena baba. Hilo sitalitii. Nitakuita Baba pale pale, mbele ya mwenyekiti. "Baba yangu amekosea." Nimeipima sentensi yote, siwezi kuisema bila hilo neno.

Chai ipo kwenye chupa, viazi viko kwenye hotipoti. Shati jeupe nimelipiga pasi, liko mgongoni mwa kiti. Mimi natoka saa mbili na nusu. Kama hutaki kuongozana na mimi nitatangulia, lakini nitatembea polepole mpaka kwenye kona ya duka, na pale nitafunga kamba za viatu, zote mbili.

Binti yako,
Tupokigwe Erasmus Mwaisumo